Tairi la Kushika Nafasi

Siku ya kwanza kumwona Mama Zamu, alikuwa anasukuma gari.

Nilikuwa nimehamia pale asubuhi hiyohiyo, nje ya ukuta wa hospitali, na bado nilikuwa nafunga turubai la kibanda changu kwenye nguzo. Mbele yangu kulikuwa na msururu wa teksi. Nikamwona mwanamke mwenye sweta la kijani lililolegea mifuko, ameinama kwenye mlango ulio wazi wa teksi moja, mkono mmoja ameshika usukani, bega amelikaza kwenye fremu ya mlango. Gari lilikuwa halijawashwa. Mimi maneno ya kuanzia mazungumzo huwa sina, lakini mikono ninayo. Nikaacha kamba, nikaenda nyuma ya gari, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Gari likaruka. Mwanamke akajitupa ndani akakanyaga breki, na bampa ikasimama upana wa kiganja kutoka teksi ya mbele.

Akatoka taratibu, akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Baba, nasogea nafasi moja tu," akasema. "Siendi nyumbani."

Madereva waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akajimwagia chai. Nilirudi kwenye kamba yangu na nadhani sikuinua tena uso mpaka adhuhuri. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba pale kituoni hakuna anayewasha injini ili kusogea. Teksi ya mbele ikipata abiria, zilizobaki husukumwa kwa bega, moja baada ya nyingine, ili mafuta yabaki kwa safari. Ukikaa pale siku nzima unasikia milango ikifunguliwa, mtu akiguna, matairi yakinong'ona kwenye lami, kisha kimya tena.

Kazi yangu ni kushona viti vya magari. Kiti kikichanika au sponji ikilala, mtu ananiletea, nafumua, najaza, nashona upya. Ndiyo maana nilisogea karibu na teksi. Wiki haikuisha, Mama Zamu akaja na kiti chake cha dereva amekikumbatia kama mtoto aliyelala, akakiweka chini akasema, "Fundi wa kusukuma, hebu tuone kama na kushona unajua." Kilikuwa kimechanika ukingo wa upande wa mlango. Hapo ndipo kiti cha dereva wa teksi kinapokufa kwanza, kwa sababu ya kushuka na kupanda, kufungulia wagonjwa mlango, kubeba mifuko ya watu. Nikakiwekea kipande cha ngozi bandia mara mbili. Hakusema ni kizuri. Alikikalia, akajisogeza kushoto na kulia, akarudi na chai akaniwekea pembeni ya cherehani. Tangu siku hiyo tukawa majirani.

Kituo chenyewe kilikuwa kipande cha barabara kando ya lango la hospitali, kimezungushiwa mstari wa manjano, na kibao cha manispaa juu yake. Teksi zenye leseni zilikuwa na mstari kama huo ubavuni. Ukiwa nao, unaruhusiwa kusimama kituoni na kumbeba yeyote anayekunyooshea mkono, papo hapo. Sheria ya manispaa ilikomea hapo. Sheria ya kituo ilikuwa ndefu kidogo, na aliyeishika ni Mama Zamu. Aliye mbele ndiye anayebeba. Habagui mzigo, habagui mtu, haulizi safari ni ya wapi kabla mlango haujafungwa. Na kwa kuwa hakuna kinachomuuma dereva kama kusubiri nusu siku halafu apate abiria wa kumpeleka mtaa wa pili, walikuwa na dawa yake. Safari ikiwa fupi, dereva anatoa tairi lake la spea kwenye buti, analilaza kwenye nafasi yake, anakwenda. Tairi likilala pale ni sawa na gari. Hakuna wa kulisogeza, na mwenyewe akirudi anaingia mbele kama hakuondoka. Niliwahi kumsikia mmoja akiulizwa itakuwaje tairi jingine likitoboka huko aendako. Akajibu kwamba safari fupi haina pancha. Ulikuwa msemo wao wote.

Jina la Mama Zamu halikuanza kwa heshima. Teksi ilikuwa ya mumewe. Mume alipofariki, wenzake walisubiri mjane aiuze, na wawili walikwisha kuitolea macho. Yeye akajifunza kuendesha kwa gari lilelile, akapata leseni, akaja akaliegesha nyuma ya msururu. Wakawa wanamzunguka. Kila aliyefika baada yake anadai amefika kabla. Basi akaanza kutangaza zamu kwa sauti kila gari linapoingia, fulani wa kwanza, fulani anafuata, mimi wa nne, mpaka watu wa hospitali nao wakajua nani ni wa ngapi. Wakamwita Mama Zamu ili kumkera. Miaka ikapita, na ikafika mahali madereva wawili wakigombana wanasema twende kwa Mama Zamu, akiwa amekaa hatua chache tu kutoka walipo.

Alikuwa na vyumba viwili vya kupanga nyuma ya uwanja wa kuuzia mbao. Nilifika huko mara moja, kupima viti vyake vya sebuleni. Vumbi la mbao lilikuwa limeingia mpaka kwenye mikunjo ya pazia. Kitanda, meza, jiko la gesi juu ya stuli, na ukutani kofia ya mumewe kwenye msumari, chini yake funguo za gari kwenye msumari mwingine. Kila kitu kilikuwa mahali ambapo mkono wa mtu mmoja unakifikia. Alikuwa na binti mmoja, ameolewa, anaishi upande wa pili wa mji, na binti alikuwa anamsihi ahamie kwake. Mama Zamu aliniambia sababu ya kukataa huku ananishikia mwisho wa futi. "Ukikaa kwa mwanao siku mbili, wewe ni mgeni. Ukikaa mwezi, wewe ni kabati. Wanakupenda, lakini wanakuzunguka." Kwa hiyo alichokuwa anakitaka duniani kilikuwa kidogo na nilikijua. Aendelee kuendesha, alipe pango lake, azime taa yake mwenyewe.

Halafu yakaja magari ya simu.

Mwanzoni tuliyaona kama mchezo. Gari la kawaida, halina mstari, linasimama ng'ambo ya barabara mbele ya duka la dawa, mtu anatoka hospitali anaingia, wanaondoka bila hata kupatana. Baadaye watu wakawa wanatoka langoni wameinamia simu, kama mtu aliyedondosha sindano, wanatupita bila kuinua uso. Wengi walisema ni rahisi kuliko teksi, na bei unaijua kabla hujapanda. Ilikuwa kweli. Mvua ikinyesha, bei yao inapanda kama maji ya mtaro, na wakati mwingine gari linakuja nusu njia linaghairi. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Lakini mtu akishazoea kitu hakumbuki siku kilipomtupa.

Ng'ambo kule alikuwemo mkwe wa Mama Zamu, mume wa binti yake, tuliyemwita Bando kwa sababu kila mara alikuwa analalamika kwamba bando lake la intaneti limekwisha. Zamani alikuwa akiendesha teksi ya mtu palepale kituoni. Kijana wa watu, mnyenyekevu, kila asubuhi anavuka barabara kumsalimia mama mkwe, "Shikamoo mama," macho chini, kisha anarudi kwenda kumnyang'anya abiria. Mama Zamu hakumwonea kinyongo, ila hakumwachia hivihivi. Gari la Bando lilikuwa na ile sauti ya mwanamke inayoelekeza njia, geuka kulia, baada ya mita mia geuka kushoto. Siku moja akamwambia mbele yetu, "Mkwe wangu, wewe una mama wakwe wawili. Mimi, na huyo wa kwenye simu. Na yule akikwambia geuka, unageuka. Mimi nilikwambia rudi kituoni miaka miwili sasa." Bando alicheka huku anajikuna shingo. Akajibu kwa adabu kwamba yule mwingine hamuulizi mjukuu anakuja lini.

Na Bando alijaribu kumsaidia. Aliwauliza wakubwa zake kama gari la mama linaweza kuingia kwenye simu. Wakamjibu ni zee mno, hawapokei la umri ule. Kwa hiyo kwa Mama Zamu hapakuwa na mlango wa pili. Leseni yake ilikuwa imefungwa na kituo kile, na gari lake lilikuwa limefungwa na leseni.

Msururu ukapungua. Mmoja alifuta mstari ubavuni akavuka kwenda ng'ambo. Mmoja aliuza akarudi kulima. Mmoja macho yalimkataa. Mimi nilikuwa nayaona mambo hayo kwenye viti. Zamani kiti cha Mama Zamu kilikuwa kikichanika ukingoni kwa kupanda na kushuka. Sasa ukingo ulikuwa mzima, na katikati pamezama. Sponji ya kukaa. Nilimjazia mara moja, nikamjazia tena, pakazama tena. Akabaki yeye na mzee mmoja, na asubuhi moja yule mzee hakuja, wala hakuja tena. Hapakuwa na wa kumtangulia wala wa kusukuma gari nyuma yake. Akifika anaegesha mbele, basi.

Ndipo mkaguzi wa manispaa alipopita. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kikohozi, mpole. Alieleza akiwa amesimama na kofia mkononi. Hospitali inahitaji maegesho. Manispaa itakuwa inapita pale bila kutaja siku, na ikikuta kituo hakina teksi hata moja, kituo kinafutwa. Mama Zamu akamuuliza, je, teksi ikiwa imekwenda na abiria? Mkaguzi akakohoa, akasema amri inasema kituo kikikutwa kitupu, haisemi kwa nini.

Alipoondoka, Mama Zamu alikaa kwenye kiti chake mlango ukiwa wazi, miguu nje. Nilikuwa nashona lakini nilimsikia. Akisubiri bila kubeba, kituo kinabaki na yeye anakosa pango. Akibeba, kituo kinakuwa kitupu. "Fundi," akasema, "nimekuwa mlinzi wa mahali ninapopaswa kuondoka." Nilimpelekea chai.

Hata hivyo hakubadilisha sheria. Alibeba kila aliyekuja, akimshusha anarudi mbio, na kwenye nafasi yake anaacha tairi, safari iwe fupi au ndefu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumpita. Kilichomwokoa ni ng'ambo. Magari ya simu nayo yalikuwa yanakamatwa kwa kusimama pale, kwa hiyo madereva walikuwa na namna ya kupashana habari. Mkaguzi akitoka tu ofisini, simu zao zinalia zote kwa pamoja, na kufumba na kufumbua mbele ya duka la dawa pamebaki peupe. Bando alikuwa akivuka kwanza kuja kumwambia, "Mama, leo anapita. Usitoke." Siku hizo alikaa ndani ya gari akiomba asipate abiria. Ni dereva pekee niliyewahi kumwona akiomba hivyo. Mara zote aliomba, na mara zote aliponea chupuchupu.

Siku iliyomshinda ilianza na manyunyu. Bando alivuka mapema, kola imelowa, akasema maneno yake, akaenda kulificha gari lake kwenye kituo cha mafuta cha mbali. Ng'ambo pakawa peupe. Mama Zamu akafunga vioo.

Kwenye saa za watu kuruhusiwa kutoka wodini, akatokea bibi mmoja langoni. Mguu una plasta mpaka gotini, gongo moja kwapani, mkononi bahasha kubwa ya picha za eksirei ameikinga na mfuko wa plastiki. Hakuwa na mtu. Nilimsikia akimweleza mlinzi kwamba mpwa wake aliahidi kuja. Mlinzi alikuwa na roho nzuri, akatoa simu yake akamwitia gari. Akapatikana dereva, akauliza safari ni ya wapi, akaambiwa ni hapo tu nyuma ya kiwanda cha sabuni, akakata. Akapatikana wa pili, naye akakata. Mlinzi akaitazama simu, akaitikisa, akairudisha mfukoni. Bibi akatazama duka la dawa, hapana gari. Akatazama upande wetu.

Ilimchukua muda kufika. Gongo lilikuwa linateleza. Akagonga kioo cha teksi kwa kifundo cha kidole.

"Hii inabeba?"

Mama Zamu akashusha kioo. Nilikuwa nimesimama na sindano mkononi, na nilimwona usoni. Hakuwa na hasira wala huruma. Alikuwa amechoka, kama mtu aliyebeba ndoo mpaka mlangoni akakuta mlango umefungwa. Mimi si mtu wa kuingilia ya watu, lakini siku hiyo nilitoka chini ya turubai nikasema, "Mama, leo..."

"Fundi," akanikata, "aliye mbele ni nani?"

Nikatazama, ingawa nilijua. "Ni wewe."

"Na anayefuata?"

"Ni wewe."

"Basi."

Akashuka, akamfungulia bibi mlango wa nyuma, akampokea gongo, akauinua ule mguu wa plasta kwa mikono miwili akauweka juu ya kiti. Kisha akafungua buti, akatoa tairi la spea, akalilaza katikati ya nafasi yake. Akajifuta mikono kwenye sweta. "Hapo nyuma ya kiwanda tu," akaniambia. "Safari fupi haina pancha." Akaondoka.

Sijamaliza mshono niliokuwa nao, mkaguzi akafika, peke yake, na mwavuli. Akaliangalia lile eneo, akaliangalia tairi, akanijia. Akaniuliza la nani. Nikamwambia ni la Mama Zamu, amempeleka mgonjwa hapo karibu, na tairi likiwa pale maana yake yupo. Ni maneno mengi kuliko ninayosema kwa kawaida kwa wiki. Mkaguzi akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuelewa, ndugu," akasema. "Ila tairi halina leseni."

Lakini hakuandika. Alikunja mwavuli akaja kukaa kwenye benchi yangu, akasema ngoja amsubiri kidogo, miguu yake nayo imechoka. Nikampa chai. Tukakaa tunatazama tairi likinyeshewa, na kila gari lililokata kona lilitufanya tuinue shingo wote wawili, kana kwamba na yeye alikuwa anaomba.

Aliyekata kona alikuwa Bando, kwa miguu, anahema, suruali imelowa mpaka magotini. Hakutusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye tairi, akalisimamisha. Nikamwuliza kuna nini. Akanijibu kwa kunong'ona, lakini pale palikuwa kimya na mkaguzi alisikia kila neno. Mama alikuwa amempigia simu. Alikwisha kumshusha bibi salama. Akigeuza gari nyuma ya kiwanda, akakanyaga msumari. Jeki anayo, spana anayo, spea ndiyo hii hapa imelala. Na spea yake yeye Bando haiingii, gari lake lina nati nne, la mama lina tano.

Mkaguzi akamwuliza, "Na gari lako wewe liko wapi leo?"

"Gari gani, mzee?" akasema Bando. Akalisukuma tairi, likabingirika mbele yake, akapotelea nalo kwenye kona.

Mkaguzi alilitazama mpaka likaisha machoni. "Hata hilo nalo limeondoka," akasema, kama anajisemea. Hakucheka. Alikaa kitambo tena. Mvua ikapungua, magari yakaanza kubanana barabarani, na nikajua Bando amekwama mahali na gari lake. Mwishowe simu ya mkaguzi ikalia. Akaniambia kama ingekuwa yeye na karatasi zake za zamani, angekunywa chai pale mpaka jioni. Lakini siku hizi wamepewa simu za kazi. Picha lazima ipigwe, inakwenda ofisini yenyewe, na ofisini wanaona alipo. Akasimama kwenye mstari wa manjano, akapiga picha. Mahali tairi lilipokuwa palikuwa bado na duara kavu kwenye lami iliyolowa. Hiyo ndiyo picha iliyokwenda ofisini. Duara kavu, pembeni maji.

Mama Zamu alifika mkaguzi akiwa bado anaweka simu mfukoni. Aliingiza gari palepale, juu ya lile duara. Akashuka na tope mpaka viwikoni.

"Nilikuwa na abiria," akasema.

"Najua, mama," akasema mkaguzi.

Mama Zamu akamwuliza kama picha ikishakwenda inaweza kurudishwa. Mkaguzi akasema hairudi. Akamwuliza kama anaweza kupiga nyingine. Mkaguzi akasema aliwahi kuuliza, wakamwambia ya kwanza ndiyo inayohesabiwa. Nilidhani atapandisha sauti, maana alikuwa na sauti. Akaomba maji ya kunawa tu. Nikammiminia, akanawa taratibu, kidole kwa kidole. Mkaguzi alipokuwa anaondoka alimwachia mwavuli, akidai mvua imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Kibao kiling'olewa kabla mwezi haujaisha. Mafundi rangi wakaja wakapaka nyeupe juu ya manjano, na asubuhi iliyofuata lilikuwa limeegeshwa gari la daktari. Leseni ya Mama Zamu ilipofikia mwisho hawakuihuisha, kwa kuwa haikuwa na kituo. Gari lilinunuliwa na mwalimu wa udereva. Kabla ya kumkabidhi, Mama Zamu alilileta kwangu nibadilishe kiti, akisema hataki wanafunzi wa watu watumbukie kwenye shimo lake. Nilipofumua lile kava, sponji ilikuwa imebaki na umbo la mtu kabisa. Aliitazama, akasema, "Kumbe nilikuwa naacha picha na mimi," akatoka nje. Mwalimu wa udereva alisahau kuulizia spea. Mama Zamu hakumkumbusha. Lile tairi alilibingirisha mwenyewe mpaka kibandani kwangu, akalilaza mbele, panapotazama barabara.

Siku ya kuhamia kwa binti yake, gari la Bando lilijaa masufuria na kitanda kilichofunguliwa mpaka hapakuwa na pa kukaa mtu. Basi Bando akamwitia mama mkwe gari jingine kwa simu, akamwambia asubiri kwangu, halafu akatangulia. Mama Zamu alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, kofia ya mumewe juu ya mkoba. Bando alikuwa amemwachia simu ya binti yake ili aone gari linavyokuja. Kila akitazama, lilikuwa limebakiza dakika nne. Akaniambia ni saa ya ajabu hiyo, zamani kwenye gari lake mtu angekuwa amefika nyumbani na viatu amevua.

Gari likaja likasimama ng'ambo. Dereva akapiga honi, hakutaka kugeuza. Nikambebea mkoba, tukavuka. Mama Zamu akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, akaufungua. Yule dereva, mtu mzima kama mimi, akamtazama, naye akamtazama.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Mkono umezoea vibaya."

Akaingia nyuma. Sidhani kama alikuwa amewahi kukaa kiti cha nyuma tangu mumewe afariki. Akapapasa kiti kwa kiganja, akakuta mshono uliofumuka, akautia kidole, akanionyesha bila kusema. Dereva akauliza kama tunakwenda. Ile sauti ya mwanamke ikasema geuka kushoto. Nikamwekea mkoba, nikafunga mlango. Akashusha kioo kidogo.

"Lile tairi liache palepale, fundi," akasema. "Akija mtu akitaka kupita mbele, mwambie pana mwenyewe."